MAFUNDO YA NEVA NA MKONO WA MWEKA HAZINA



Somo la mara hii linahusu kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kwa macho yake: mafundo ya neva. Msiogope jina. Tutakwenda polepole, na yule anayewasomea wenzake asimame kila mahali watu wanapotaka kuuliza. Tumeamua kuliandika kwa sababu ya jambo lililotokea katika kikundi kimoja upande wa Kitale, jambo ambalo sisi wenyewe tulilishughulikia vibaya. Wahusika wameturuhusu kulisimulia, mradi tusitaje majina.

Kikundi hicho kina wanachama ishirini na wawili. Wanafuga ng'ombe wa maziwa na kukopeshana pesa kidogo kidogo. Mweka hazina wao alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 63, mtu aliyesifiwa kijiji kizima kwa mwandiko wake. Siku moja alipeleka karatasi ya kutoa pesa benki, ikarudishwa. Karani alisema saini hiyo si yake. Wanachama walipofungua daftari wakaona kwamba kwa mwaka mzima mwandiko umekuwa ukipungua, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tarakimu za mwisho zikawa kama nyayo za sisimizi. Maneno yakaanza. Wengine walisema anaficha hesabu. Wengine eti ameanza chang'aa, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka akikaa. Lakini akiunyoosha kuchukua kikombe cha chai, mtetemeko unaisha! Basi wakasema anajifanya. Na kanisani alikuwa hacheki tena na mtu, uso umekaza, wakasema siku hizi mwalimu ana kiburi.

Tuliitwa kuamua. Tulikwenda na kalkuleta, tukahesabu kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, tukakuta pesa zote zipo, hata shilingi moja haikukosekana. Tukatangaza hivyo, tukanywa chai, tukamshauri mzee apumzike, tukarudi nyumbani. Hapo ndipo tulipokosea. Tulikagua daftari na hatukumkagua mwenye daftari. Ikapita miezi saba, na katika miezi hiyo familia yake ilimwuza ndama jike na kumlipa mganga mmoja aliyesema kwamba mkono umefungwa na mtu wa ukoo kwa wivu wa shamba.

Aliyegundua ni daktari wa zahanati aliyekuja kwenye kliniki ya siku moja pale kanisani. Mzee hakwenda kutibiwa, alikuwa amemsindikiza mkewe mwenye presha. Daktari alimwona akiingia mlangoni: mkono wa kushoto unapepea kama kawaida ya mtu anayetembea, wa kulia umening'inia tu kando ya mwili. Akamwomba aandike jina lake mara tano. Jina la tano lilikuwa nusu ya lile la kwanza. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Vidole vikaanza vizuri, vikachoka, vikasimama. Daktari akasema, "Mwalimu, hapa hakuna mtu aliyekufunga. Hapa kuna ugonjwa wa mafundo ya ubongo."

Basi tueleze mafundo hayo ni nini.

Neva ni nyuzi nyembamba zinazopeleka habari mwilini. Ukikanyaga mwiba, habari inapanda kwa neva. Ukitaka kuinua mguu, amri inashuka kwa neva. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja, na mahali ambapo miili ya seli hizo imekusanyika pamoja panakuwa na uvimbe mdogo, kama fundo kwenye kamba ya katani. Madaktari huuita gangilia, neno lililotoka kwa Wagiriki. (Kuna pia kile kivimbe cha maji kinachotokea juu ya kifundo cha mkono, nacho hupewa jina hilo hilo la gangilia. Hakina uhusiano wowote na somo hili, kwa hiyo anayekuwa nacho asifadhaike.)

Mafundo haya yako ya aina mbili. Yale ya nje yamepangwa kandokando ya uti wa mgongo. Jozi 31 za neva hutoka kwenye uti huo, na karibu kila neva ina fundo lake la kupokea habari za maumivu, joto, baridi na kuguswa. Kuna na mnyororo mwingine wa mafundo unaosaidia kuongoza mapigo ya moyo, jasho na mishipa ya damu, kazi ambazo mwili unazifanya bila kutuuliza. Aina ya pili iko ndani ya kichwa, chini kabisa katikati ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto. Wataalamu wa leo husema haya ya ndani yangefaa kuitwa viini badala ya gangilia, lakini jina la zamani limeshika. Sisi tutayaita mafundo ya ubongo.

Kazi ya mafundo ya ubongo ni nini? Fikirini josho la ng'ombe. Ng'ombe wote wanasukumana kuingia. Yuko mtu mmoja amesimama kwenye geti na mti wake, anamwachia huyu apite, anawazuia wale wengine. Hakuna ng'ombe aliyemzaa, wala dawa ya josho si yake. Kazi yake ni kuachia na kuzuia tu. Mafundo ya ubongo hufanya hivyo hivyo na miendo ya mwili. Ukitaka kuandika, yanaachia miendo ya vidole inayotakiwa na kuzuia mingine yote. Na ili bawabu huyu aweze kuinua mti wake sawasawa, anahitaji kemikali iitwayo dopamini, ambayo hutengenezwa na seli za mahali padogo penye rangi nyeusi, hapo hapo chini ya ubongo.

Katika ugonjwa wa mwalimu wetu seli hizo nyeusi hufa kidogo kidogo. Dopamini inapungua, na geti linakwama. Mtu anataka kusimama, lakini mwili unachelewa. Uso haucheki ingawa moyo unacheka. Sauti inakuwa ndogo, hatua zinakuwa fupi za kuburura, mwandiko unanywea. Mkono uliotulia unatetemeka kwa namna ya pekee, kidole gumba kinasugua vidole vingine kama mtu anayefinyanga tonge la ugali. Kawaida huanza upande mmoja. Wagonjwa wengine wanasema miaka kadhaa kabla ya hapo walikuwa wamepoteza kunusa, au choo kigumu, au wanapiga mateke usingizini. Na dalili zinapoonekana wazi, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea.

Ugonjwa huu unaitwa Parkinson, jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza kwenye kijitabu mwaka 1817. Si ugonjwa wa Wazungu, kama tulivyowahi kuambiwa na mtu mwenye elimu yake. Huko Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi na kitu kisicho na jina. Bila shaka kwenye miteremko ya Mlima Elgon nako wapo.

Wakatoliki wenzetu watakumbuka jinsi Papa Yohane Paulo wa Pili alivyokuwa miaka yake ya mwisho. Yule yule aliyekuja Nairobi mwaka 1980, 1985 na 1995, mtu wa kupanda milima, tulimwona kwenye televisheni mkono ukitetemeka, kichwa kimeinama, maneno hayatoki. Alikuwa na ugonjwa huu mpaka alipofariki Aprili 2005. Hata Muhammad Ali, bondia aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, aliishi nao miaka mingi, akafariki mwaka 2016. Tulipowaeleza wanakikundi habari hizi, bibi mmoja aliuliza, "Sasa na Papa naye alirogwa na nani?" Watu wakacheka, lakini swali lake lilifanya kazi kuliko maelezo yetu yote.

Kuhusu chanzo, kwa wagonjwa wengi hakuna anayeweza kuonyesha kitu kimoja na kusema ndicho hiki. Umri ni jambo kubwa, na katika familia chache ugonjwa hurithiwa. Lakini kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa mahindi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichunguza watu waliofanya kazi na dawa za kunyunyiza shambani. Waliotumia parakwati, ile dawa ya kuunguza magugu, walikuwa na ugonjwa huu mara mbili na nusu hivi kuliko wasioitumia. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku mwaka 2007. Hatusemi kila anayenyunyiza ataugua. Tunasema kwamba kunyunyiza ukiwa umevaa kaptula na pombo inavuja mgongoni, kisha kumpa mama mtungi ule ule achukulie maziwa, ni mchezo mbaya. Tumeuona Kwanza, tumeuona Endebess, na tumeuona kwa viongozi wa vikundi wenyewe.

Hauambukizi. Unaweza kunywa naye kikombe kimoja na kulala naye kitanda kimoja.

Na dawa ipo. Mwaka 1960 wanasayansi wa Vienna walithibitisha kwamba ubongo wa wagonjwa hawa una upungufu wa dopamini, na mwaka uliofuata wakajaribu kuwapa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hadi leo, levodopa ikichanganywa na karbidopa ndiyo dawa kuu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Haiponyi, maana seli zinaendelea kupungua, lakini humrudishia mtu mwili wake kwa miaka. Mwalimu wetu alipelekwa hospitali ya kaunti Kitale, wakamwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Baada ya wiki chache za dawa alifunga vifungo vya shati mwenyewe. Mkewe alitupigia simu kutuambia habari za vifungo, si habari nyingine.

Wenye mgonjwa washike mambo machache. Dawa hii inywewe kwa saa zilizopangwa, si mtu anapokumbuka. Inafaa kuinywa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maziwa na maharagwe mengi hushindana nayo tumboni. Isikatwe ghafla hata pesa zikiisha, kukatwa ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa, heri kukimbia hospitali na kusema ukweli. Na mgonjwa anapokwama mlangoni, miguu imeganda kama imepigwa misumari, msimvute mkono. Wekeni fimbo chini mbele yake aivuke, au mwimbieni wimbo wa kutembea, au mhesabieni moja, mbili, moja, mbili. Miguu inaachia! Geti la ndani limekwama, lakini mwili una njia nyingine ya kuzunguka, na mdundo huifungua. Wajukuu wa mwalimu wanalifanya hili vizuri kuliko sisi, wamelifanya mchezo.

Hapa tuseme neno juu ya upupu. Wengi mnaujua kwa kuwasha. Jamaa yake asiyewasha, ile mbegu ya mukuna ambayo wakulima wa Trans Nzoia wameonyeshwa kama mbolea ya kijani, ana levodopa halisi ndani ya mbegu. Ni kweli kabisa, na wataalamu wanaichunguza kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kununua vidonge. Lakini mbegu moja haina kipimo sawa na nyingine, na ikizidi inaleta kutapika, kushuka kwa presha na kuona mambo yasiyokuwapo. Tunawaambia hili ili akija mtu sokoni na unga wa upupu kwenye kopo, mjue kwamba ndani yake mna dawa kweli, na kwa sababu hiyo hiyo msiinywe bila daktari kujua.

Tena, si kila anayetetemeka ana Parkinson. Wako wanaotetemeka wanapotumia mkono tu, wakitulia unatulia, hiyo ni hali nyingine. Pombe ikikatwa hutetemesha, tezi ya shingo hutetemesha. Na wako waliokazwa mwili na dawa za ugonjwa wa akili, kama haloperidoli au Largactil, kwa sababu dawa hizo huzuia dopamini kufanya kazi. Ndugu wakiona mgonjwa wao anatembea kama sanamu na mate yanatoka, wasimwachishe dawa wenyewe. Wampeleke na karatasi zake zote, daktari atapunguza au atabadilisha.

Sasa tuyaache mafundo ya ubongo, tushuke kwenye yale ya mgongoni. Na tushuke pia barabara, kutoka Kitale kupita Kiminini, Kamukuywa na Kimilili mpaka Chwele, kaunti ya Bungoma, kwa sababu huko ndiko tulikofundishwa habari zake.

Mama mmoja mwenye miaka 32, mwuza mboga katika soko la Chwele, mjane, aliamka na maumivu ya ubavu wa kushoto kama moto. Dukani wakampa dawa ya kichomi. Siku ya tatu malengelenge yakatoka kwa msururu, kuanzia mgongoni, kuzunguka ubavu, mpaka chini ya titi, upande mmoja tu. Majirani waliujua ugonjwa kwa jina, mkanda wa jeshi. Lakini waliueleza kwa njia yao: ni kwa sababu alikataa kurithiwa na shemeji yake, na mkanda ukizunguka ncha zikakutana atakufa. Wakampaka jivu, wengine dawa ya meno. Alikaa ndani siku tisa akisubiri ncha zikutane.

Hazikukutana, na kuna sababu. Mtoto anapougua tetekuwanga, akapona, virusi havitoki mwilini. Vinapanda kwa neva mpaka kwenye fundo kando ya uti wa mgongo, vinajificha humo na kulala, miaka ishirini, miaka hamsini. Askari wa mwili wanavilinda. Siku askari wakidhoofika, kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa dawa fulani, virusi vinaamka katika fundo moja na kushuka kwa neva ya fundo hilo hilo mpaka kwenye ngozi. Neva ya kushoto inahudumia kushoto, inaishia katikati ya kifua. Ndiyo maana mkanda ni nusu. Na ndiyo maana maumivu hutangulia malengelenge: moto unaanzia ndani ya fundo.

Ni muhimu kwenda hospitali ndani ya siku tatu tangu malengelenge yaonekane. Dawa ya asikloviri ikianzwa mapema hupunguza ukali. Ikichelewa, fundo linaweza kubaki na kovu, na maumivu yakaendelea miezi mingi ngozi ikiwa imekwisha kupona. Mtu huyo haigizi. Hata nguo ikimgusa analia, na zipo dawa za maumivu ya neva ambazo si zile vidonge za kawaida za dukani. Malengelenge yakitokea usoni, hasa kwenye paji au ncha ya pua, ni dharura, kwa sababu jicho linaweza kupofuka. Mkanda wenyewe hauruki kwa mtu mwingine, ila maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, kwa hiyo yafunikwe, na mama mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali.

Kuna jambo la pili, na hapa hatutaficha. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Afrika ya Mashariki na Kati waliona kwamba mkanda wa jeshi kwa kijana mara nyingi ni mlango wa kugundua virusi vya UKIMWI. Mara nyingi, si kila mara. Kwa hiyo kijana mwenye mkanda apimwe. Wakati ule kupimwa kulikuwa kama kusomewa hukumu. Mpango wa AMPATH ulioanza mwaka 2001 kutoka Eldoret, ukafika Webuye, Kitale na kwingineko, umetuonyesha watu wengi walioinuka kitandani. Mama wa Chwele alipimwa, akakutwa na virusi, akaanzishiwa dawa. Leo yuko sokoni na kabichi zake. Alituambia kilichomtesa zaidi ya moto wa ubavu ni kuhesabu kila asubuhi kwa vidole umebaki upana gani kabla ncha hazijakutana. Kovu analo bado, na shemeji bado hawasalimiani, hilo hatukuweza kulitatua.

Turudi kidogo kwenye mafundo ya kichwani, kwa ajili ya akina mama, kwa maana ipo hatari moja inayowapata watoto wachanga, na hii inazuilika. Watoto wengi huwa na manjano siku ya pili au ya tatu, kisha ikaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Rangi hiyo inatokana na bilirubini, takataka ya damu. Ikizidi mno inapenya kwenye ubongo, na mahali inapopenda kukaa ni hasa yale mafundo ya chini ya ubongo. Ikiyaunguza, bawabu wa josho ameondoka getini kabisa: mtoto akikua mikono inajipinda bila yeye kutaka, kichwa hakitulii, masikio hayasikii vizuri. Tunamjua mtoto wa miaka tisa wa namna hiyo. Watu humwita mjinga. Mama yake anasema anaelewa kila kitu, na tukikaa naye nusu saa tunaona ni kweli, anacheka mahali penye kuchekesha.

Kwenye ngozi nyeusi manjano haionekani upesi. Angalieni weupe wa macho, ufizi, na nyayo, mchana na si kwa taa ya koroboi. Manjano ikionekana siku ile ile ya kuzaliwa, au ikifika nyayoni, au mtoto amelala mno na hanyonyi, au analia kwa sauti nyembamba na kujikunja mgongo nyuma, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kumwanika mtoto jua la asubuhi, kama tunavyoshauriwa na bibi zetu, hakutoshi na kunapoteza siku. Hospitalini kuna taa maalumu za bluu, na mtoto akiwekwa chini yake mapema anapona kabisa. Na vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, msiviweke kwenye nguo za mtoto. Sehemu zetu zenye malaria, Bungoma na Busia, watoto wengi wa kiume wamezaliwa na damu isiyostahimili dawa hiyo. Harufu yake tu inaweza kuvunja damu na kuleta manjano kali.

Kuhusu mwalimu, kikundi kilikutana na kumwomba radhi, jambo ambalo halikuwa jepesi, kwa sababu aliyekuwa ameongea zaidi ndiye mwenyekiti. Walibadilisha katiba yao ili mtu aliyepoteza saini kwa ugonjwa aweze kuweka kidole gumba mbele ya mashahidi wawili, wakaenda benki kubadilisha kadi ya saini. Mama mmoja kijana ndiye anayeandika daftari sasa, na mzee anakaa kando yake akijumlisha kwa kichwa kabla kalkuleta haijawashwa. Hesabu yake bado haikosei. Dawa ni mzigo, hata baada ya kuuza ndama wa pili. Kikundi humkopesha bila riba mwezi unapokuwa mbaya, na kuna miezi ambayo hata wao hawana.

Kabla ya kufunga mkutano, kikundi kijadiliane. Je, katika kijiji chetu yuko mtu aliyeacha kuja kanisani au mkutanoni bila kueleza sababu, na tumesema nini juu yake? Katiba yetu inasemaje kiongozi akishindwa kuandika? Nani kati yetu ananyunyizia wengine dawa shambani, na ana glavu? Usiku wa manane mtoto mchanga akigeuka manjano, ni pikipiki ya nani tutakayoigongea mlango, na nani atalipa mafuta?